Ng'ombe wa Mpangaji

Mpaka leo nikikanyaga vigae vya ile veranda, damu inanichemka. Vilinunuliwa kwa ng'ombe ambaye hakuwa wetu, na aliyemuuza ni kaka yangu wa tumbo moja.

Baba alituachia ploti hapa Wabera, mjini. Chuo kilipofunguliwa ng'ambo ya barabara, kila mwenye kipande cha ardhi alianza kujengea wanafunzi vyumba, nasi tukajenga vyetu nyuma ya nyumba ya wazazi. Mimi niliishi pale, nikawa wa kufunga geti na kugombana na watu wa maji. Kaka alikuja mwisho wa mwezi na maneno yake mapya: uwekezaji, faida, wateja. Wasichana waliofua nguo uani kwetu na kuniita mama, yeye aliwaita wateja!

Mmoja wao alitoka Biliqo, kule kwa wafugaji, akisomea uuguzi. Baba yake alimleta mwenyewe. Hakuuliza habari ya stima wala choo. Aliuliza kama msichana atapata maziwa. Nikamwambia ukweli, kwamba wanafunzi hapa wanashindia strungi, chai isiyo na maziwa, na mkate. Alisikitika sana. Muhula uliofuata alirudi na lori la mifugo, ndani yake ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Akatuambia, mimi na kaka tukiwa tumesimama pamoja, "Hii ni dabarre."

Kwetu Waborana hata mtoto anajua maana yake. Unapewa ng'ombe umkamue, ulishe watoto, lakini yeye na uzao wake hubaki wa mwenyewe aliyekupa. Huchinji, huuzi. Umeaminiwa, basi.

Asubuhi ng'ombe alikwenda malishoni na mifugo ya jirani, jioni nilimkamua, na wasichana wote wakanywa chai ya maana. Kaka alikunja pua.

"Hapa ni ploti, dada, si boma. Hii ng'ombe inanuka, wateja watahama. Na si mzee ametulipa tu kwa njia yake?"

"Kodi analipa kando. Hii ni dabarre, na wewe unajua."

"Hayo ni mambo ya Biliqo."

Nilienda Kinna kwa mazishi ya shangazi. Niliporudi, nyuma ya vyumba palikuwa pamefagiliwa safi, ng'ombe na ndama hawapo, na fundi alikuwa akipanga vigae kwenye veranda. Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Kaka alisimama tu, mikono mfukoni, akingoja nichoke. Mtu mzima, baba wa watoto, haoni hata haya! Kidogo nimrushie kigae.

Habari ya ng'ombe haikai, ikafika Biliqo. Mzee alifika, akatoa salaam, akaketi, chai yangu hakuigusa. Kaka akawahi kusema, "Mzee, nitakupatia bei ya soko. Hata nitaongeza."

"Mimi nilikuuzia?"

Msichana alikuwa amesimama mlangoni na vitabu mkononi. Alikuwa amebakisha mwaka mmoja tu awe muuguzi. Baba yake akamwambia akusanye vitu vyake, wanarudi nyumbani.

Niliomba. Nilisema atalala ndani ya nyumba yangu, atakula sahani moja na mimi, na mtu asimguse. Mzee hakunikasirikia, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Mama, wewe ulijua hii ni dabarre?"

"Nilijua, Abba."

"Na ulimwambia huyu?"

"Nilimwambia."

"Sasa kama hapa neno yako haisikiki hata kwa ng'ombe, siku binti yangu ataita, nani atasikia?"

Mzee alikuwa amesema kweli tupu, na mwenye makosa alikuwa amekaa pale pale anapekua simu yake. Nilimsaidia msichana kufunga godoro kwa kamba, yeye akilia.

Gari lao halijakata kona, kaka alikuwa tayari getini akibandika karatasi: chumba kipo, wasichana pekee, usalama wa kutosha.