Mafuta ya Usenge

Hebu mwone Jacinta Aloo akiingia Usenge asubuhi, kioo kimeshushwa, mkono mmoja nje, anawapungia wanawake wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, kana kwamba amenunua ndege. Ni pikapu tu, tena kuukuu, ya diseli. Ana wiki tatu nayo. Miaka sita kabla ya hapo alisomba samaki kwa Probox ya petroli, kisha akaiuza akachukua hii, maana diseli hubeba mzigo mzito bila kuhema, na hainywi sana.

"Nyar Seme, trekta lako limefika!" Mama Awuor alimtania, akimwita kwa jina la kwao, binti wa Seme. Awuor ndiye mwenye samaki: kreti kumi za mbuta chini ya barafu, na hoteli moja mjini ilizingoja kabla ya saa saba.

"Cheka tu. Utalipanda hilo hilo."

Kreti zikipakiwa, Jacinta alimwita Waswa, muuza mafuta wa pale ufuoni. "Niwekee mafuta, mtungi mmoja."

Sasa sikilizeni, kosa liko hapa, katika neno dogo. Injini za boti za Usenge ni za petroli. Pale ufuoni ukisema mafuta, umesema petroli. Diseli huitwa diseli. Waswa akaweka mafuta.

Jacinta akawasha. Harufu ikampanda puani, ile harufu ya Probox. Akazima kabla hata hajafunga mlango.

"Waswa! Umeweka nini?"

"Mafuta, Mama. Si umesema mafuta?"

"Yawa! Umeniua."

Wewe mwenye gari la petroli huenda usielewe jasho lililomtoka. Diseli ina unono. Hulainisha pampu inapopita. Petroli hupita kavu, vyuma vikasagana, na pampu ikifa, pikapu imekufa. Jacinta hakuwa na gari jingine, wala kazi nyingine.

Wakalegeza nati chini ya tangi. Waswa mwenyewe alilala mchangani kukinga karai, petroli ikimchuruzikia hadi kiwikoni, na kila tone aliliombea msamaha. Jua likapanda. Maji ya barafu yakaanza kudondoka nyuma ya pikapu.

"Jacinta, saa tano hiyo," Awuor alisema. Utani ulikuwa umemwisha. "Ogola yuko hapo na Probox yake. Nimwite?"

"Ukimwita leo, kesho utaniita mimi?"

Awuor akazitazama kreti, akamtazama Jacinta. "Haya, washa."

Wakatia diseli. Jacinta akageuza ufunguo nusu, akangoja ile taa ndogo ya manjano ya kupasha injini moto izime kama fundi alivyomfundisha, kisha akawasha. Pikapu ikakohoa, ikatoa moshi, ikanguruma.

Awuor akapanda kando yake, wakapita Bondo. Walipokaribia Kisian, Awuor amesinzia, Jacinta akasikia injini: ko-ko-ko-ko.

Ingekuwa Probox, angejua. Injini ya petroli ikigonga ni ugonjwa, simama. Lakini diseli huamka ikigonga na kulala ikigonga, na wiki tatu hazimtoshi mtu kujua sauti ya uzima na sauti ya kifo. Huu ulikuwa mlio ule wa kila siku, au mwingine? Akisimama, barafu inaisha na Ogola anapata mteja. Asiposimama, huenda asiwe tena na cha kusimamisha.

Mguu wake uko juu ya breki, haujakanyaga. Wewe unayenisikiliza, ungekanyaga?