Mchumba Wangu Alificha Betri Chini ya Kioo

Admin, nifiche jina tafadhali, maana huku kwetu Mwabungo tunajuana sote. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nasomea kemia chuo kikuu, na nimeposwa na mwenzangu wa maabara. Nimwite Faki.

Kazi yetu ni kutengeneza aina ya plastiki iliyounganishwa na madini ya platinamu, ili ipitishe umeme. Tunaipaka kwenye kioo, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na ikipigwa na jua hutoa umeme. Kidogo sana, kisha hufifia. Hapo ndipo tulipofikia, nami nilikuwa naona fahari.

Mwezi uliopita wafadhili walitaka kuiona ikifanya kazi kijijini, tukaenda zahanati moja ya Kikoneni. Faki akakiweka kioo juani, taa tuliyoiunganisha nacho ikawaka kwa nguvu ambazo sijapata kuziona. Watu wakashangilia. Mkunga mmoja mtu mzima akamshika mikono.

"Mungu akubariki, mwanangu. Nimezalisha wanawake nikiuma tochi kwa meno."

"Amin, mama. Mtapata taa, inshallah," Faki akamjibu, kichwa amekiinamisha.

Wageni walipokwenda kula, mimi nilibaki kufungasha vifaa. Nikakigeuza kile kioo. Chini yake, ndani ya utepe mweusi, palikuwa na betri bapa kama ya rimoti ya gari.

Wallahi nilitapika nyuma ya zahanati.

Nilipomkabili alikuwa anatafuna sambusa. "Usinitie aibu. Pesa ikishaingia tutaifanya iwake kweli."

"Na yule mama uliyemuahidi?"

Akacheka. "Yule hata platinamu haijui."

Tangu hapo namwona kama uchafu. Akinishika mkono, naenda kuuosha kwa sabuni. Sauti yake ya "inshallah" ndiyo inanichafua zaidi. Na wafadhili wameshakubali kutoa pesa, kazi ina majina yetu sisi wawili. Nikisema, huenda tukafukuzwa sote. Nilimweleza mamangu, akaniambia, "Mwanangu, mume haachwi kwa sababu ya betri."

Kesho wazee wake wanakuja kupanga siku ya nikaha. Ni watu wema, hawajui lolote, na mimi ndiye nimeagizwa kupika pilau. Jamani, nilitoe jambo hili mbele yao, au niende kwanza kwa mwalimu anayetusimamia maabara, masomo yangu yaende yanakokwenda? Nishaurini kama dada yenu, mwenzenu nimekwama.