Mawe Niliyoyasugua

Mama mtunza maabara wa shule yetu alikuwa anayashika mawe ya mizani kama padri anavyoshika ostia. Aliyatoa sandukuni kwa koleo dogo, kamwe si kwa vidole, na akimaliza aliyafunika kwa kipande cha kanga. Mizani yenyewe ni ya shaba, ya sahani mbili na mshale katikati, na waliofundishwa nayo mwanzoni sasa wana wajukuu. Mimi, mwalimu wa fizikia, nilikuwa namcheka. Nilimwambia hicho ni chuma tu, hakina roho.

Kisha mkuu wa shule akalitaka kabati la mizani hiyo kwa ajili ya mashine ya fotokopi. Vya zamani viende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu pale Mkuyuni. Siku mbili Mama hakunywa chai na sisi, na mimi nikaona aibu. Nikamwomba mkuu ayapime mawe kwenye mizani mpya ya umeme. Yakiwa sawa, mizani ya shaba ibaki. Akasema atakuja Ijumaa.

Sasa, mimi nimelelewa kwenye nyumba ambayo sufuria isiyong'aa ni fedheha ya ukoo mzima. Alhamisi, mama mtunza maabara alipokwenda kliniki, nikachukua majivu, ndimu na mchanga wa ziwani, nikayasugua yale mawe mpaka nikajiona ndani yake. Nilijipenda sana siku ile.

Ijumaa mkuu akaweka jiwe la gramu hamsini. Mizani ya umeme ikasoma arobaini na tisa nukta nane. Akaweka la ishirini, nalo pungufu. Mama akaliinua kwa koleo, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwalimu, umeyasugua?"

Nikasema ndiyo. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Umeyapunguza kwa usafi."

Mkuu akacheka mpaka akashika meza, akasema basi yaende chakavuni yakiwa safi. Mama akamwomba asubiri hadi mchana. Ni mtoto wa wavuvi wa Mara, anajua pa kwenda. Akashuka mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, akarudi na kipande cha madini ya risasi, kama vile vinavyozamisha nyavu. Akakizungusha kichwa cha jiwe, kikafunguka kama kifuniko cha chupa. Miaka yote ya kufundisha, sikujua kama mna tundu ndani, la kuongezea uzito. Akakwangua risasi, akatia, akapima, akakwangua tena. Hamsini kamili. Akafanya hivyo kwa kila jiwe, bila kunitazama.

Fotokopi ilikwenda ofisini kwa mkuu, ambako inamnyima usingizi wa mchana.

Mama amestaafu, na maabara imepoa bila yeye. Kwenye kabati aliacha karatasi ya mwandiko wake: "Mawe yafutwe kwa kitambaa kikavu. Mwalimu wa fizikia asiyaguse." Mkuu amesema naweza kuibandua. Kila mwaka kidato cha kwanza huisoma kwa sauti, wananigeukia, nami nawapa koleo.