Alama za Konyeza

Dada yangu mdogo alirudi kutoka Mombasa na mkono wa kulia umefungwa leso. Kwaya ya kanisa letu, kule Mumbuni, ilikuwa imealikwa kuimba huko kwa siku nne, na yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, anafundisha nasari, hajaolewa. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa ameiona bahari kabla yake.

Mama alimfungua leso jikoni. Mistari minne myekundu ilizunguka mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, imevimba, kama ya mtu aliyechapwa. Mwingine ulipanda shingoni.

"Nani amekuchapa?"

"Hakuna mtu amenichapa, Mama. Nilikuwa naoga baharini asubuhi, kitu ikanishika kwa maji. Ilichoma kama moto."

"Kitu gani?"

"Sikuiona."

Hilo ndilo lililomponza. Angesema ni samaki, pengine tungemwamini. Lakini alikuwa mtu wa kusema alichokijua tu. Siku ya mwisho aliamka kabla ya wenzake, akateremka pwani peke yake, kwa sababu alitaka kuingia majini bila watu kumcheka. Hakuwa na shahidi hata mmoja.

Kufikia Jumapili iliyofuata, kanisa zima lilikuwa na habari nyingine. Ilisemwa kwamba mke wa mwalimu wa kwaya, ambaye naye alisafiri nao, alimfumania dada yangu na mumewe, akamchapa kwa waya wa stima. Mwanamke yule alipoulizwa alitabasamu tu, wala hakukanusha. Mwalimu wa kwaya, aliyejua fika kwamba hakuna kilichotokea, alianza kumkwepa dada yangu hata mlangoni pa kanisa. Nadhani aliogopa kwamba akimtetea atazidisha maneno.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Hakufoka. Alingoja tumalize kula muthokoi, akanawa mikono, kisha akamwambia, "Jumapili utakaa nyuma na watu wengine. Mpaka hii maneno iishe."

"Baba, nimekuambia vile ilikuwa."

"Nimesikia," alisema Baba, akaenda zake.

Mimi nilikuwa karani wa rekodi katika hospitali moja mjini. Kila siku nilipitisha mikononi faili za watu na magonjwa yao, nikajiona mtu wa kuelewa mambo. Jioni moja tulikuwa tunaosha sufuria, nikamwambia dada yangu kwa sauti ya chini, "Mimi niambie tu ukweli. Sitamwambia mtu." Aliniangalia, akapangusa mikono, akatoka nje. Katika nyumba ile ni mimi pekee niliyekuwa nimebaki kwake, na sikujua hivyo mpaka alipofunga mlango.

Wiki ya tatu ile mistari, iliyokuwa imeanza kufifia na kuwa ya kahawia, iliumuka tena. Ilimwasha mpaka akajikuna hadi damu ikatoka. Nikampeleka kliniki ya ngozi kwetu hospitalini. Siku hizo tulikuwa na daktari kijana aliyekuja na kifaa ambacho wengi wetu tulikuwa hatujakiona: kioo kidogo cha kukuzia chenye taa ndani yake, alichokifunga mbele ya kamera ya dijitali. Alikigandamiza kwenye ngozi ya mgonjwa, akapiga picha, kisha akaifungua kwenye kompyuta ikiwa kubwa kama sinia.

Aliushika mkono wa dada yangu, akaugeuza taratibu. Kabla hatujamweleza lolote, aliuliza, "Ulikuwa Coast?"

Dada yangu aliinama akaanza kulia. Daktari alidhani ni maumivu, akamwomba radhi.

Alipiga picha tano au sita. Katika kompyuta, mstari ule ambao kwa macho ulionekana kama alama ya kiboko haukuwa mstari tena. Ulikuwa vidoadoa vya kahawia, vingi, vidogo kama mbegu za wimbi, vimepangana kimoja baada ya kingine kando ya njia nyeupe iliyopindapinda.

"Kuna mnyama wa bahari anaitwa konyeza," alisema. "Ni laini kama ute wa yai, huwezi kumwona vizuri kwa maji. Ako na nyuzi ndefu, na kila uzi umejaa miiba midogo sana yenye sumu. Kila doa hapa ni mahali imedunga."

"Haiwezi kuwa waya?" niliuliza. Dada yangu aligeuka akanitazama.

"Waya ikichapa inaacha mistari miwili, na katikati panabaki peupe. Damu inavilia chini ya ngozi. Haiachi vidoa kama hivi. Sikuona huyo mnyama, siwezi kuapa ni wa aina gani. Lakini hii si kuchapwa. Na huku kurudi kwa kuwasha baada ya wiki kadhaa pia ni kawaida yake."

Alimwandikia dawa ya kupaka. Nilimwomba achapishe picha moja. Dada yangu hakuomba chochote.

Jioni hiyo Baba alivaa miwani akaipeleka karatasi dirishani. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo ni mnyama," alisema hatimaye.

Aliwaonyesha wazee wenzake. Wakasema Mungu ni mkubwa, binti arudi kwenye kwaya. Hakuna aliyesema samahani. Baba alimwamuru Mama achinje kuku, na finyango nono zikawekwa kwenye sahani ya dada yangu. Hakuzigusa.

"Sasa wamejua," nilimwambia baadaye, nikidhani namletea faraja.

"Nimekaa hapa na mdomo wangu karibu mwezi mzima," alijibu. "Nyinyi mlitaka picha."

Januari alihamia Mlolongo, akapata shule ya nasari na chumba cha kupanga. Miaka ya kwanza alikuja Krismasi, halafu akaacha. Nilimtembelea mara mbili. Alinipokea vizuri, akanipikia chai, tukazungumza juu ya maji na bei ya unga. Kanisani alikokwenda huko hakuna aliyejua kwamba anaweza kuimba.

Baba alipofariki, kiongozi mpya wa kwaya alimfuata dada yangu pale kaburini akamwomba aanzishe wimbo mmoja tu, wa mzee wake. Alikataa kwa heshima, akasimama pamoja na wageni. Baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwomba msamaha, nimeyapanga kwa miaka. Nikamuuliza kama amekula.

"Nimekula," alisema.