Siku Yusuf Alipolala Juu ya Mbao

Nilipokuwa mtoto pale Garissa, miaka ya vita vya serikali na waasi walioitwa shifta, nyanya yangu, tuliyemwita Ayeyo, alikuwa na mwiko mmoja kuhusu maseremala: mtu hai halali juu ya mbao akapimwa. Anayepimwa hivyo ni maiti, basi.

Dada yangu Halima alikuwa amechumbiwa na Yusuf, dereva wa lori, mrefu kuliko wanaume wote wa mtaani kwetu. Asubuhi moja tulikwenda sote kwa Fundi Salim, mtu wa Pwani aliyekuwa na karakana karibu na mto, kuagiza kitanda cha harusi. Maranda yalinifika vifundoni. Viti vizuri vilirundikwa ukutani bila mnunuzi; watu walikuwa wakihama, na anayehama hanunui kiti.

Fundi alimtazama Yusuf, akasema vitanda vyake vya kawaida vingemwacha miguu nje. Akatandaza mbao chini, akamwomba alale. Ayeyo akakataza. Yusuf akacheka kwa upole, akavua viatu, akalala. Fundi akachora alama ya penseli penye visigino.

"Inuka, mwanangu," Ayeyo akasema. "Umeshapimwa."

Wiki haikuisha. Lori la Yusuf lilipigwa risasi kwenye njia ya Habaswein, na wapita njia wakamzika hukohuko. Nani alipiga, hatukuambiwa. Nyumbani hakuna aliyelia kwa sauti. Halima alichambua mchele ukaisha, akaumwaga tena kwenye ungo, akaanza upya. Mimi nilikula, nikalala, nikaamka. Nilingoja uchungu kama mtu anavyongoja mgeni, haukuja.

Kila aliyekuja kutoa pole, Ayeyo alimwambia maneno yaleyale: "Nilimwambia asilale."

Fundi Salim alipokuja kuuliza kama akiuze kitanda, Halima akajibu kiletwe. Alikilalia miaka mingi, upande mmoja.

Zamani nilidhani Ayeyo alikuwa akimlaumu marehemu. Leo nina umri wake wa wakati ule, na namwelewa vingine. Kule barabarani hapakuwa na lolote ambalo yeyote kati yetu angeweza kulifanya. Karakanani palikuwa na jambo moja dogo, la kukataa kulala, na yeye alikuwa amelisema. Mwiko wenyewe siuamini. Ila najua Ayeyo alihitaji kifo ambacho kingeweza kuzuilika, na vita havikutupa kifo cha aina hiyo.