Nilivyojifuta Ubaba kwa Kalamu Yangu Mwenyewe

Msinitafutie mtu wa kumsingizia. Aibu iliyonikuta pale kanisani kwetu Nzuguni niliiandika mimi, kwa mkono wangu huu huu, tena kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mke wangu Janeth alijifungua mtoto wa kike, wa kwanza, na mimi nikapandwa na kichaa cha majina. Haya ya siku hizi ya kubunibuni sikuyataka (jirani yetu kaunganisha jina lake na la mumewe, kimetoka kitu kama dawa ya mende), nilitaka jina la zamani, la bibi zetu, nikapata Tabitha. Lakini Tabitha peke yake nikaliona halijakaa sawa, linataka mwenzake, basi wiki nzima natembea nalo, Tabitha Eunike, Tabitha Damari, nayatamka bafuni kwa sauti mpaka Janeth akagonga mlango kuuliza niko na nani humo. Mwisho nikapata Tabitha Salome. Tamu! Tena Salome ni mdogo wangu wa kike, na ndiye angekuwa mama wa ubatizo, nikajiona bingwa.

Fomu ya kanisa inataka majina matatu ya mtoto tu, ya wazazi haiulizi. Nikaandika Tabitha Salome Madeje, na Madeje ni baba yetu. Janeth akachungulia. "Yohana, hapo katikati si linakaa jina lako?"

"Acha mambo ya kizamani," nikamjibu. "Wenzetu siku hizi mtoto anapewa majina mawili yanayolingana." (Hao wenzetu ni akina nani, hata leo sijawaona.)

Jumapili ikafika. Mchungaji alikuwa mgeni, ana wiki mbili tu tangu ahamishiwe kwetu, hamjui mtu. Janeth yuko kwaya na joho lake, Salome kambeba mtoto, mimi nimesimama mbele na simu narekodi. Benchi la tatu wamekaa watu wa Miyuji, upande wa Elia, mchumba wake Salome, posa tulishapokea na mahari ilikuwa ije Jumamosi inayofuata. Nani aliwaalika? Mimi.

Mchungaji akasoma. "Tabitha Salome Madeje. Salome Madeje ni nani?"

Salome akanyoosha mkono. "Ni mimi, mchungaji."

Akamtazama kwa huruma. "Kanisa, tumwombee binti yetu huyu na wote wanaolea watoto peke yao. Msiwahukumu."

Jamani! Maana kwetu jina la pili ni la baba, hata aliyetoroka shule analijua hilo, na mtoto akibeba la mama watu wanaelewa kwamba baba hajapatikana. Kanisa zima likaguna. Nikasogea niseme neno.

"Mpiga picha, tupishe kidogo," mchungaji akaniambia.

Nikapisha! Baba mzima wa mtoto, nikapisha! Nilipokuja kupata akili kwaya ilishaanza kuimba, na Janeth ananikodolea macho huku anaimba.

Nje nikamkimbilia shangazi yake Elia, ndiye mkubwa wa msafara. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Tunaomba njia, mwanangu."

"Chakula kipo nyumbani, shangazi!"

"Tumeshiba." (Hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi.)

Nikaanza kueleza, mtoto ni wangu mimi, Salome hana mtoto, nilitaka tu majina yalingane, na kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyozidi kuonekana mwongo. Shangazi akanishika bega. "Kaka mwema humsitiri dada yake, sikulaumu. Ila mngetuambia kabla hatujahangaika kutafuta ng'ombe." Elia yupo pembeni anatazama viatu vyake. Salome analia, na mtoto naye, njaa imembana, akaanza kilio chake.

Ndipo Janeth akatokea. Hakusalimia mtu. Akamchukua mtoto, akaketi pale pale kwenye ngazi za kanisa, akafungua vifungo, akamnyonyesha. "Shangazi, wewe ni mama, angalia mwenyewe. Kama mtoto ni wa Salome, mpeni Salome amnyonyeshe."

Shangazi akamtazama mtoto anavyovuta, akamtazama Salome, kisha akanigeukia mimi. "Na wewe una akili timamu kweli?"

"Ninazo, shangazi."

"Haya. Hicho chakula kiko wapi?"

Walikula, wakacheka, na Jumamosi mahari ikaja. Aliyeshindwa kula siku ile ni Salome. Nilimkuta jikoni anaosha sahani ambazo tayari zilikuwa safi, nikamwomba msamaha, nikamwambia nilitaka kumpa heshima.

"Wewe nimekusamehe, kaka," akasema. "Lakini Elia hakuniuliza. Mtu mgeni kasema neno moja, naye akaamini, akabaki kutazama viatu. Hilo nimeshaliona, siwezi tena kutoliona."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kumfutia sahani.

Cheti cha kuzaliwa alikwenda kujaza Janeth, Tabitha Yohana Madeje, mimi nilishika mkoba tu, na nimeapa sitagusa tena fomu yenye jina la mtoto. Salome kaolewa, yuko Miyuji, hajambo, anatutembelea. Ila mtoto hajawahi kumwita kwa jina hata siku moja. Akimbeba mbele za watu huwatangazia kwanza, kwa sauti, bila kuulizwa, "Huyu ni mtoto wa kaka yangu."