Bwawa la Baba

Watoto wangu walifika Ruiru wakiulizia bwawa kabla hata ya chai. Walikuwa watatu: msichana wa miaka minane, mvulana wa miaka mitano, na kitindamimba ambaye alikuwa anajua kutembea lakini bado hajui kusema. Mama yao aliwaleta kwa treni kutoka kwetu magharibi baada ya mavuno, na njia nzima, aliniambia, hawakuwa na habari nyingine ila bwawa la baba.

Jina hilo nililitoa mimi. Nilikuwa mtu wa mashine kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja, na kila asubuhi mimi ndiye niliyefungua maji kutoka bwawani ili kahawa ioshwe. Nikienda likizo nyumbani, nilisimulia. Mtu anayeishi laini, zile nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja, moshi na suruali pamoja, lazima awe na kitu cha kusimulia kwao. Basi ikawa bwawa langu, maji yangu, na nikifunga mimi shamba zima linasimama. Hilo la kusimama lilikuwa kweli. Watoto walikaa kimya wakinisikiliza, na mimi nilinenepa kwa kimya chao.

Jumapili yao ya kwanza, tulipotoka kanisani, nikawapeleka. Ilikuwa miaka ya Imajensi, wakati wa Mau Mau, na jirani zetu Wakikuyu hawakuweza kutembea ovyo. Sisi watu wa magharibi tuliachwa achwa kidogo, mradi kipande, ile hati ya kazi, kiko mfukoni. Nilivaa koti na kofia yangu ya sufu niliyoinunua Thika kwa Muhindi. Msichana wangu alinishika kidole tangu mlangoni hadi tulipoyaona maji. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha jana yake, bwawa limejaa mpaka kwenye nyasi, na bata wawili wa porini wanaogelea katikati.

"Yote haya, baba?" akaniuliza.

"Yote," nikamjibu. Ningefanyaje?

Kando ya bwawa palikuwa na kichuguu. Mama watoto alikitazama mara moja tu, akamteremsha mtoto mgongoni. Kwetu mtu hapiti kichuguu kilichonyeshewa kama anayepita jiwe. Unakifunika kwa matawi, unaacha tundu moja, halafu unapiga vijiti juu ya kipande cha ubao, taratibu, bila kuacha, mpaka kumbikumbi wadhani mvua imerudi na watoke wenyewe. Akaanza kupiga. Msichana akashika vijiti vingine, na mdogo wake akapiga makofi.

Jirani yetu wa laini, Mkikuyu, alipita na mkewe njia ya juu wakitoka kanisani, akasimama.

"Ngai! Nyinyi watu kweli mnakula dudu?"

"Hii ni nyama, shemeji. Karibu," mama watoto akamwambia, akimnyoshea mmoja aliye hai. Jirani akakimbia huku akicheka, na mkewe nyuma yake ameshika mdomo.

Niliona haya kidogo, maana nilikuwa nimevaa koti. Lakini kumbikumbi wakazidi kutoka, wengi, wanameta, na mvulana wangu akawa na mabawa yamemganda midomoni, na nikasema potelea mbali. Nikavua koti, nikapiga magoti kwenye matope. Chombo hatukuwa nacho. Nikavua na kofia, nikawa nawazolea humo. Tulicheka sana. Nadhani sijawahi kuwa baba kama nilivyokuwa nusu saa ile.

Ndipo nikasikia mbwa. Mzungu wa shamba alikuwa anakuja na mkewe na watoto wao wawili, wamebeba kikapu cha chakula na blanketi. Na wao walikuwa wametoka kutembea, kama sisi. Mfanyakazi haruhusiwi kuja bwawani Jumapili, nami nililijua hilo vizuri. Nikaruka, nikapangusa magoti, nikavaa koti, na mikono yangu, ikitaka nionekane mtu wa heshima, ikachukua kofia na kuivaa. Nilihisi wanatembea kichwani nikiwa nimeshachelewa.

"Wewe nafanya nini hapa?"

"Natembeza watoto, bwana."

"Toa kofia."

Miaka yote sikuwahi kusema na mtu yule nikiwa na kofia kichwani. Siku hiyo nilisimama nayo kama chifu. Nikaivua kwa mikono miwili, kama tulivyozoea, na kumbikumbi wakanimwagikia usoni, masikioni, ndani ya kola. Watoto wa mzungu walicheka mpaka wakaketi chini. Yeye mwenyewe alicheka, tena bila ubaya wowote. Mvulana wangu naye akacheka kwa sababu wengine wanacheka, kisha akamtazama mama yake na kunyamaza.

Mzungu akajifuta macho. "Nani naambia wewe kuja bwawa yangu?"

Kabla sijafungua mdomo, msichana wangu, aliyekuwa amejifunza Kiswahili kidogo shuleni, akamjibu kwa adabu, kama anayemwelekeza mgeni njia:

"Bwawa ni ya baba."

Yule bwana akamgeukia mkewe, wakaambiana kwa Kiingereza, wakacheka tena. Halafu akanitazama.

"Haya. Ambia toto yako. Bwawa ya nani?"

Kumbikumbi mmoja alikuwa anatembea kwenye nyusi yangu. Sikumtoa.

"Ni yako, bwana."

"Mzuri. Sasa kwenda."

Tukarudi. Kofia niliibeba mkononi, na msichana wangu alitembea upande wa pili, ameshika leso ya mama yake. Hakuniuliza kitu. Ningependa aniulize. Mama watoto alikuwa amefunga kumbikumbi waliobaki kwenye pindo, akawakaanga kwa chumvi, wakanukia laini nzima. Nikasema nimeshiba.

"Kula, baba watoto," akaniambia. "Hawa wamekukosea nini?"

Nilishindwa. Kuvua kofia nilikuwa nimekuzoea, hata mikono yangu ilifanya bila kuniuliza. Kilichonichoma ni kwamba sasa watoto wangu walijua jinsi ninavyoivua. Niliona aibu hata kuwatazama wakila.

Kesho yake jioni nikitoka kazini nikasikia kelele nyuma ya laini. Nikachungulia. Watoto walikuwa wanacheza, wangu na wa jirani. Mmoja amesimama, mikono mgongoni, tumbo mbele, anasema, "Toa kofia!" Mwingine ana bakuli la mchanga kichwani, akilivua, mchanga unammwagikia na wote wanaanguka kwa kicheko. Kisha wakagombana. Kila mmoja alitaka kuwa bwana. Msichana wangu alisema ni zamu yake, mvulana akalia, wa jirani wakasukumana. Nafasi ya mwenye bakuli haikugombewa na mtu.

Mwishowe wakamvika bakuli kitindamimba, kwa sababu hajui kukataa. Alikuwa amesimama hivyo aliponiona kwenye kona. Akafurahi. Akainua mikono yote miwili, akalivua bakuli kabla hajaambiwa.